Tandala wa Mzee Jama

Kama kuna kitu ambacho Falis Jama hakukipenda hapa duniani, ni kile kichwa cha tandala kilichokaa ukutani mwa sebule yao mtaani Chechelesi, mjini Isiolo. Hakukipenda tangu utotoni. Wakati nduguye Duale alipokuwa nje akikimbiza mpira wa matambara, Falis ndiye aliyepandishwa juu ya kiti kila Ijumaa asubuhi, kitambaa chenye maji mkononi, afute vumbi kwenye pembe ndefu zilizojisokota, afute pua, afute na yale macho ya kioo yaliyomtazama kana kwamba yeye ndiye aliyemwua.

Aliyemwua alijulikana. Kila mgeni aliyeingia nyumba ile alisimuliwa. "Risasi moja tu," Mzee Jama, baba yake Falis, alikuwa akisema, kidole kimoja juu. "Kule Marsabit, nikiwa askari wa serikali ya Mwingereza, kabla ya vita vya Hitla. Mzungu wangu alishindwa, mimi nikapiga. Moja!" Wageni walitikisa vichwa kwa mshangao, na mkewe, Isnino, aliwamiminia chai yenye iliki na tangawizi bila kusema neno. Kichwa kilipelekwa Nairobi kwa mafundi wa siku hizo, kikajazwa, kikatiwa macho, kikarudi kimepigiliwa kwenye ubao mweusi. Mzee Jama alipostaafu na kushuka Isiolo kuishi na wenzake, Wasomali waliokuwa jeshini, alikibeba mapajani njia nzima.

Mzee alifariki mwaka wa sabini na nne. Kichwa kikabaki. Miaka michache baadaye akafariki na Robow, mume wa Falis, kwa homa iliyomshika safarini, akamwachia mjane wake binti mmoja, Abiba, na lori kuukuu la Bedford. Watu walimshauri Falis auze lori. Hakuuza. Aliajiri dereva, akajifunga leso kiunoni, akawa anasimama mwenyewe sokoni kusimamia upakiaji wa unga na sukari ya kupeleka Sericho, na lori likirudi na ngozi za mbuzi anazihesabu kwa macho bila kukosea. Wachukuzi walimwogopa. Si kwa sababu alikuwa mkali wa moyo, ila hakuwa na subira hata chembe, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko miguu ya watu. Mama yake, Isnino, sasa mzee na macho yamemfifia mpaka anaona vivuli tu, aliishi naye. Kila asubuhi alikuwa akipita chini ya kile kichwa akipapasa ukuta kwa vidole, akinong'ona jambo ambalo Falis hakulisikia wala hakuwa na nafasi ya kuliuliza.

Mwaka wa themanini na tano mvua za Aprili zilikuja kwa fujo baada ya ule ukame mbaya uliomaliza mifugo. Kila mtu alishukuru, Falis naye akashukuru, mpaka alasiri moja aliposikia kishindo sebuleni. Maji yalikuwa yakipenya kwenye tundu la msumari juu ya mabati na kuteremka nyuma ya ubao taratibu, bila mtu kujua. Waya uliokishikilia kichwa ulikuwa umeliwa na kutu. Tandala alikuwa chini, kifudifudi.

"Nani ameingia?" Isnino aliita kutoka chumbani.

"Hakuna aliyeingia, hooyo. Ni huyu shetani wa baba ameanguka," Falis akamjibu mama yake.

Sikio la kushoto lilikuwa limeng'oka. Shingo ilikuwa imepasuka kwenye mshono, na nyasi chafu zenye plasta zimemwagika zuliani. Jicho moja lilikuwa limetoweka; walilitafuta chini ya kabati na chini ya viti, hawakuliona tena. Na harufu! Mbwa aliyenyeshewa ana nafuu. Falis alisimama, mikono kiunoni, na kusema kweli moyo wake ulijaa furaha. Akakibeba kile kichwa kwa pembe mpaka uani, akakiweka karibu na pipa la taka.

Haikupita hata dakika. Isnino alitokea mlangoni, mkongojo mbele, akainusa hewa.

"Umekipeleka wapi?"

"Hooyo, kimeoza. Kimeingia nondo. Tutaweka picha ya Makka pale, nzuri, yenye fremu."

"Kichwa hicho kikitoka nyumba hii, na mimi natoka nacho."

"Utaenda wapi?"

"Nitakaa pale kwenye pipa." Na kweli, yule bibi akaanza kushuka ngazi.

Falis akamshika mkono akamrudisha ndani. Lakini Isnino hakuwa amemaliza. Abiba alikuwa ameposwa na kijana wa Garissa, na harusi ilikuwa ifungwe baada ya Idi. "Wageni wa Garissa hawataingia sebule isiyo na tandala," alisema. "Nimesema. Kama mnataka harusi, kitengenezeni. Kama hamtaki, shauri yenu."

Falis alikwenda dukani kwa jirani mwenye simu, akampigia Duale Nairobi, akitarajia kwamba mtoto wa kiume atamwambia mama yake aache mambo ya kitoto. Duale alikuwa na duka la vipuri vya magari huko Nairobi na sauti ya mtu mwenye duka.

"Abaayo, dada yangu," alisema, "hicho ni kichwa cha baba. Lazima kitengenezwe. Tena kitengenezwe vizuri, kwa sababu nikija harusini narudi nacho. Nimeshaandaa mahali sebuleni kwangu, juu ya redio."

"Basi njoo ukitengeneze."

"Mimi niko na kazi, Falis."

"Na mimi nimekaa nikifuma kofia?"

Simu ikakatika, na mpaka leo haijulikani nani aliyeikata.

Fundi wa kwanza alikuwa Kinanu, Mmeru aliyeshona viatu nje ya soko na kukata makubadhi kutoka kwenye magurudumu ya magari. Alikuwa mtu mchangamfu asiyejua kusema hapana. Falis alimfungulia gunia, Kinanu akachungulia, akacheka.

"Hii si kazi, Mama Abiba. Mimi nashona kila kitu iko na ngozi. Hata mpira ya shule ni mimi."

"Umewahi kushona mnyama?"

"Kiatu ilikuwa nini, kabla haijakuwa kiatu?"

Falis akamwachia gunia. Aliporudi kukichukua, Kinanu alikuwa amekifunika kwa turubai kama bibi harusi, akakifunua kwa mbwembwe. Falis alikizunguka mara mbili. Wachukuzi waliokuwa karibu wakasogea kutazama. Shingo ilikuwa imekazwa kwa uzi mnene wa viatu mpaka imejikunja kama mdomo wa gunia la viazi. Sikio lilikuwa limerudishwa, ndiyo, lakini limetazama nyuma. Na mwili mzima wa yule mnyama, kuanzia pua hadi ubaoni, ulikuwa mweusi, unang'aa.

"Rangi ya viatu nimeweka bure," Kinanu alisema. "Ilikuwa imepauka sana."

"Kinanu," Falis akasema polepole, "tandala ni mweusi?"

Kinanu akafikiri. "Mimi sijawahi kuona."

Alikipeleka nyumbani hivyo hivyo, akiomba macho ya mama yake yasaidie kuficha. Akasahau kwamba Isnino alikuwa akiona kwa vidole. Bibi aliketi, kichwa kikawekwa mapajani, akaanza kupapasa: pembe, paji la uso, pua. Vidole vikafika sikioni, vikasimama. Vikarudi. Vikashuka shingoni.

"Hiki ni nini?"

"Ni tandala, hooyo."

"Sikio linasikiliza ukuta." Akanusa vidole vyake. "Tena amepakwa rangi ya viatu. Falis, huyu ni punda aliyevishwa pembe. Mrudishe kwa wenyewe."

Falis alitoka uani, akasimama nyuma ya tangi la maji, akapiga kelele moja ndefu isiyo na maneno. Kuku wakatawanyika. Kisha akajifuta uso kwa leso na kurudi kazini.

Dereva wake ndiye aliyemkumbusha habari za Lomuria. Lomuria alikuwa Mturkana wa Ngaremara, mtu wa makamo, mrefu, mwenye kikohozi, ambaye kwa miaka mingi alizunguka na wazungu wawindaji kama mchuna ngozi. Serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka wa sabini na saba, na mwaka uliofuata ikapiga marufuku biashara ya pembe na ngozi za wanyama pori, kazi yake iliisha. Sasa aliuza makaa kando ya barabara kuu. Falis alipanda lori, gunia miguuni, mpaka Ngaremara.

"Habari, Mama Abiba," Lomuria akamwamkia. "Umekuja makaa?"

Falis akafungua mdomo wa gunia. Lomuria akatazama ndani, akaufunga haraka kwa mikono yote miwili, akatazama barabara upande huu na upande ule.

"Mama! Wewe nilikukosea nini?"

"Nataka unitengenezee."

"Unataka nifungwe. Hii kitu mtu akionekana nayo, anaulizwa. Jirani yangu alipatikana na ngozi ya swara tu, kipande ya kukalia, akalala ndani."

"Hiki ni cha zamani. Ni cha baba yangu, kabla ya Uhuru."

"Imeandikwa wapi? Kwa paji la uso?" Lomuria akakohoa, kisha akalifungua tena gunia kidogo, kwa udadisi ambao hakuweza kuuzuia. "Na nani aliipaka hii uchafu?"

"Usiniulize."

"Lete ruhusa ya serikali," akasema hatimaye. "Siku hiyo utaleta, mimi nakuja siku hiyo. Bila hiyo, sikukuona, na hii gunia sijui."

Ndipo zilipoanza safari za Falis kwenda ofisi ya wanyama pori. Mara ya kwanza mkubwa wa ofisi alikuwa ametoka, ndovu wamevunja ua wa shamba la watu. Mara ya pili alikuwa mkutanoni. Mara ya tatu alikuwepo karani peke yake, kijana mpole, mwenye kalamu nyuma ya sikio.

"Una mnyama nyumbani?"

"Nina kichwa."

"Mnyama mwenyewe yuko wapi?"

"Alikuwa nyuma ya kichwa. Sasa hayupo."

Karani alimwambia arudi kesho. Falis alirudi kesho, lori likiwa limekwama sokoni halina wa kulisimamia, na safari hii mkubwa mwenyewe alikuwepo. Aliitwa Bwana Chachu, Mborana wa miaka kama hamsini, mtu wa maneno machache na viatu vyenye vumbi jingi. Alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo lililomuudhi Falis kidogo kwa sababu alikuwa amejiandaa kugombana.

"Nani alimwua?" Chachu akauliza.

"Baba yangu."

"Anaweza kuja hapa?"

"Yuko kaburini."

"Alikuwa na leseni?"

"Huko kaburini?"

Chachu hakucheka, lakini masharubu yake yalitikisika. "Mama, sheria haisemi kitu cha zamani ni kosa. Inasema mwenyewe ajulikane, na kitu kijulikane kilivyopatikana. Nikikuandikia leo kwa maneno tu, kesho mtu ataua tandala na kuniambia ni wa babu yake. Nitakuja nyumbani nikione. Na nataka niongee na mtu aliyekuwapo wakati ule. Yuko aliye hai?"

"Mama yangu aliishi na baba Marsabit," Falis akasema kwa uchovu. "Atakuambia yale yale. Risasi moja."

Bwana Chachu alifika siku ya pili baada ya sala ya alasiri. "Salaam aleikum," akaita mlangoni, akavua kofia. Falis akaleta chai na mahamri, akakiweka kile kichwa cheusi juu ya meza, akiona aibu kama mtu aliyeanikiwa nguo za ndani. Chachu akakigeuza, akatazama ubao, akatazama plasta ya zamani, akapima pembe kwa mkono. Alionekana kuridhika kwamba hakikuwa cha jana. Kisha akamgeukia Isnino, akasema naye kwa heshima.

"Mama mkubwa, ulikuwa Marsabit wakati huyu alipouawa?"

"Nilikuwa."

"Unamjua aliyemwua?"

"Namjua sana."

"Ni marehemu mzee?"

Isnino aligeukia kule sauti ilikotoka. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, na Falis aliona midomo yake ikicheza kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi chini ya ule ukuta.

"Hapana," bibi akasema. "Ni mimi."

Falis alicheka. Akamwambia Chachu kwamba mama yake amechoka, ni mzee, joto la mchana. Isnino akagonga mkongojo sakafuni.

"Nyamaza, Falis! Serikali imeniuliza mimi." Akaweka kikombe chini bila kumwaga. "Nilikuwa bibi arusi. Asubuhi nimeshuka kisimani na wanawake wa askari kuteka maji. Mzungu wa Jama alikuwa ametoka alfajiri kuwinda, tukasikia bunduki huko juu, mara ya kwanza, mara ya pili. Tukasema, leo kuna nyama. Kisha huyu akateremka. Peke yake. Mguu wa nyuma umevunjika, damu inatoka, anakuja maji. Wanawake wote wakakimbia. Mimi sikukimbia, kwa sababu nilikuwa na mtungi umejaa kichwani na sikutaka kuuvunja, ulikuwa wa mama mkwe."

Chachu alikuwa ameacha kula.

"Alilala karibu na miguu yangu. Alikuwa anakufa, na akifa vile nyama itakuwa haramu, na kambi nzima ya askari haikuwa imeonja nyama tangu mwezi uandame. Nikatua mtungi. Nilikuwa na kisu cha kukatia kamba. Nikasema Bismillahi, Allahu Akbar, nikamchinja. Pembe zake zilinipita hapa." Akagusa bega. "Jama na mzungu walipofika wakihema, mimi nimekaa nanawa. Mzungu akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, kichwa ni cha mwanamke huyu. Alikipeleka Nairobi kwa gharama yake, kikarudi, akanikabidhi mimi. Mkononi."

Falis akaisukuma kando sahani ya mahamri.

"Na baba? Ile risasi moja?"

"Baba yako alisema mara ya kwanza kwa mzaha, mbele ya askari wenzake waliomcheka kwamba mkewe ni mwindaji kuliko yeye. Akasema tena mara ya pili. Mara ya tatu alikuwa ameshaamini. Sasa ungemtoa mtu mzima kwenye jambo analoliamini? Alikuwa mume mzuri. Hakunipiga, hakuninyima. Nikamwachia na hilo."

"Miaka yote hiyo, hooyo! Ulinipandisha kwenye kiti kila Ijumaa nifute kichwa chako, na hukuniambia?"

"Ningemfutisha nani? Duale?"

Falis hakujua alie au acheke. Alikuwa na hasira na baba yake, na mama yake, na yule mzungu, na hasira nyingine ambayo hakujua aielekeze wapi, kwa sababu alimwona tena akilini yule bibi akishuka kwenda pipani, na kumbe haikuwa ukaidi wa uzee. Ilikuwa mali yake. Katika nyumba ile yenye lori la Robow, na ubao wa Jama, na redio ya zamani ambayo Duale aliiacha akasema asiiguse mtu, kitu pekee alichokipata Isnino kwa mkono wake mwenyewe kilikuwa kinaning'inia ukutani kwa jina la mtu mwingine.

"Mnataka kunishika?" Isnino akamwuliza Chachu. "Nishikeni. Nimekuwa tayari."

"Mama mkubwa," Chachu akasema, "sheria ilitungwa sabini na saba. Wewe ulitangulia." Alipomaliza chai aliandika hati pale pale, na mahali pa mwenye mali akaandika Isnino, akamsomea kwa sauti mara mbili kwa sababu bibi alitaka kulisikia jina lake tena.

Lomuria alikuja siku iyo hiyo Falis alipompelekea habari, kama alivyoahidi, akakaa uani mpaka Falis akatamani asingekuja. Kwanza alitaka mafuta ya taa kuondoa rangi ya Kinanu. Kisha shabu na chumvi za kuhifadhi ngozi isioze. Kisha ngozi ilowekwe, na wakati inalowekwa hakufanya lolote ila kunywa chai na kulalamika kwamba haina sukari. Aliagiza magazeti ya kuchanganya na gundi ya unga ajazie shingo, akaanza kuyasoma. Falis alikuwa akirudi sokoni na kumkuta anamweleza Isnino bei za ng'ombe za mwaka jana.

"Lomuria, harusi ni baada ya Idi. Idi ya mwaka huu."

"Ngozi haijui Idi, mama. Ngozi ikikauka haraka inapasuka."

Ilipofika kushona, ikaonekana kwamba macho ya Lomuria hayaoni tena tundu la sindano. Alijaribu, akajidunga, akatukana kwa Kiturkana, akamtazama Falis.

"Hapana," Falis akasema.

"Shona hapa, kwa ndani, ili uzi isionekane."

"Nimesema hapana."

Lakini alikuwa ameshakaa. Alishona alasiri ile na alasiri iliyofuata, kichwa mapajani, magoti yamekufa ganzi, Lomuria akimwambia vuta, legeza, umeharibu, toa. Alitoa mishono na kuirudia huku akiapa kwamba akimaliza hatashika sindano tena maishani. Mama yake aliketi kando yake kwenye mkeka na kila mara alinyoosha kidole, akapita juu ya mshono mpya. Sehemu iliyoliwa na nondo walitia kiraka cha ngozi ya ndama, na kama hukuambiwa hukuiona. Sikio likatazama mbele. Kwa jicho lililopotea, Falis alizunguka maduka yote akanunua gololi ya rangi ya chai. Haikulingana na lile la zamani. Jicho moja lilikutazama wewe, na la pili likatazama mlango.

"Hivyo hivyo," Isnino akaamua, akilipapasa. "Hata mimi nilikuwa natazama pande mbili siku ile."

Harusi ilifungwa, wageni wa Garissa waliingia, na Duale alifika kutoka Nairobi na boksi kubwa lililofungwa kamba. Alikula pilau, akawapa watu mikono, kisha akasimama mbele ya ukuta akitabasamu.

"Mmefanya vizuri. Nitakipakia usiku huu."

"Zungumza na mwenye mali," Falis akamwambia.

Duale aliambiwa hadithi yote. Alikataa. Alisema ukoo mzima unajua kwamba ni baba, tangu Isiolo mpaka Hargeisa.

"Ukoo mzima haukuwapo kisimani," Isnino akamjibu. Falis akaileta ile hati, akaishika mbele ya uso wa nduguye mpaka alipoisoma. Duale aliondoka na boksi tupu na hakupiga simu mpaka mwezi wa kumi.

Falis alidhani mambo yameisha. Hakumjua mama yake. Mwaka uliofuata Isnino akaanza: anataka kwenda Marsabit, anataka kukiona kile kisima kabla hajafa. Falis akamweleza habari za barabara mbovu, za majambazi, za magari yanayosubiriana yatembee pamoja na askari. Isnino akaacha kula chakula cha jioni. Basi Falis akapata mzigo wa kwenda Marsabit, akamfunga mama yake kwa blanketi kwenye kiti cha mbele kati yake na dereva, wakaenda, vumbi likiwajaa masikioni, na kila walipoingia kwenye shimo bibi alisema, "Polepole, kwani mmebeba mawe?"

Walifika wamechoka. Falis akauliza watu, wakaonyeshwa kisima cha askari wa zamani. Isnino akashushwa, akapewa maji kwa mkono, akaonja.

"Si hiki."

Wakaenda kingine, mteremko mkali, Falis na dereva wakimbeba kama gunia la sukari. Akaonja.

"Haya ni ya chumvi. Mnanionaje?"

Kufikia kisima cha tatu jua lilikuwa linapinda, dereva amenuna, na Falis amepoteza kiatu kimoja kwenye tope. Wanawake wa Kiborana waliokuwa wakinywesha mbuzi waliwapisha. Isnino alionja, akaonja tena, akakaa juu ya jiwe, akanyoosha miguu yake myembamba.

"Ni hiki," akasema.

Falis alikitazama kile kisima, tope na mbuzi. Alikuwa na shaka kubwa kwamba yule mzee alikuwa amechoka tu. Akavua kiatu kilichobaki, akaketi kwenye jiwe lile lile, na mama yake akasogea ampe nafasi.

"Hapa," Isnino akasema, akigusa udongo kwa mkongojo. "Alilala hapa. Kichwa upande huu."

"Na mtungi?"

"Mtungi nilirudi nao mzima," akasema Isnino. "Haukumwagika hata tone."